Wote Wamekosea Sawasawa

Jumapili, 3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu yako iko chini unaposoma haya, maana najua barua zangu huwa unazisomea kule juu kwenye kibanda cha kreni wakati wa mapumziko, halafu unaitwa ushushe nondo ukiwa bado unanicheka. Mgongo unaendeleaje? Na goti la Baba? Mimi mzima, nakula, nalala, usiulize zaidi.

Nina jambo, na nimechoka kulizunguka.

Unajua tangu muhula uanze nafanya kazi za wikendi kwenye dobi la hoteli iliyo karibu na chuo. Kazi yangu ilikuwa kukunja mashuka yanapotoka kwenye pasi ya roli, basi. Mwezi uliopita mkuu wa dobi aliniletea wafanyakazi wapya watatu niwafundishe kukunja, kwa sababu, alivyosema, mimi ndiye pekee ninayeweza kuongea bila mikono kusimama. Shangazi, sijui nikuelezeje. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa geti, mtu mzima mwenye viganja kama sepetu. Shuka lilimponyoka kama kuku. Nikamwonyesha, akashindwa. Nikamwonyesha kwa njia nyingine, akashindwa. Mara shuka likakaa, pembe juu ya pembe, na akaliangalia kana kwamba amelifuma yeye. Nilirudi bwenini nikicheka peke yangu barabarani. Watu walinipisha.

Nimegundua kuwa hiyo ni kazi ya mtu. Wapo watu ambao wameajiriwa kuwafundisha wengine kazi zao, viwandani, hospitalini, mabenki, kila mahali. Wanaitwa wakufunzi wa kazini. Nataka kuwa mmoja wao, na nikisema nataka ujue sijalala vizuri tangu nianze kutaka.

Najua ulichokuwa unakitaka wewe. Wewe ndiye uliyemwambia Baba kuwa nina kichwa cha uhandisi, na kwa kweli alama zinaniruhusu. Lakini Ijumaa ya mwisho ya Mei lazima nichague fani nitakayoisoma mpaka nimalize chuo, na sitaki kuchagua kitu ambacho moyo wako hauko pamoja nacho. Wewe ndiye uliyenishika mkono darasa la kwanza ukanivusha barabara, hata leo nikifika kwenye kivuko nakutafuta. Sitasaini bila neno lako. Nimeamua hivyo, na unanijua.

Nijibu upesi.

Mwana wa kaka yako


Jumapili, 17 Machi

Bi Maswali,

Marahaba mwanangu. Mgongo upo mahali pake, nyuma. Baba yako anatembea vizuri kuliko anavyolalamika. Sisi wengine tunapumua, jengo limefika ghorofa ya kumi na moja na upepo wa huko juu hauna adabu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaacha.

Sikia. Mwaka jana mradi ulituletea huyo mtu wako, mkufunzi. Alivaa viatu vya ncha, akaturundika ndani ya kontena, akawasha mashine ya picha, akaanza kutusomea maandishi yaliyokuwa ukutani, ambayo na sisi tulikuwa tunayaona. Alisoma mpaka tukasahau kama tuna makwetu. Fundi zege aliyekaa ubavuni mwangu alikoroma kwa nguvu hivi kwamba mkufunzi alidhani mashine yake inaharibika, akaizima ipoe. Jioni tukapewa vyeti. Mpaka leo sijui vyeti vile vinasema tumejua nini. Hiyo ndiyo kazi inayokunyima usingizi?

Sisemi hapana. Nasema kumwona mlinzi akikunja shuka na kufurahi ni jambo moja, na kuliishi jambo hilo miaka arobaini ni lingine. Hata mimi siku ya kwanza kwenye kreni nilifurahi. Siku ya pili nilitapika.

Halafu, hiyo fani yenyewe inaitwaje? Nilimuuliza mhandisi wetu, akasema hajawahi kusikia mtu aliyesomea kufundisha watu kazi. Nenda ukaulize mlango wake uko wapi, kisha uniandikie. Baba yako nimemdokeza. Kasema "sawa", na sawa yake unaijua, inaweza kuwa amekubali, inaweza kuwa hajasikia.

Kula vizuri. Ukisema unakula najua ni chai.

Shangazi yako


Jumapili, 7 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa upepo. Mimi mzima. Siyo chai tu, kuna na mkate.

Nimeutafuta huo mlango. Mshauri wa masomo ni mama mmoja mwenye ofisi finyu, ukikaa magoti yako yanagusa meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema fani yenye jina hilo haipo hapa chuoni. Nikaanza kuinuka. Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu. Akaendelea kusema kuwa wakufunzi wa kazini huingilia milango mingi. Kuna waliosomea rasilimali watu, kuna wa saikolojia, wa mawasiliano, wa elimu ya watu wazima. Swali la kujiuliza, alisema, ni kitu gani kwenye hiyo kazi kinakukera usipokielewa. Nilitoka bila kumuaga. Ilibidi nirudi niombe radhi, na kuchukua mkoba.

Basi nimekuwa mwizi wa mihadhara. Naingia, nakaa nyuma kabisa, naandika kama wenyewe. Kwenye mawasiliano kila mtu anaongea vizuri, hata anayeuliza saa. Saikolojia nilikwenda siku ya somo la kumbukumbu, jinsi mtu anavyosahau, na mhadhiri alilisoma kutoka kwenye karatasi kwa sauti moja mpaka nikasahau. Elimu ya watu wazima wanafunzi wenyewe ni watu wazima, yupo na muuguzi anayekuja na sare yake. Hawakuwa na mhadhara. Walikuwa wanabishana kwa nini mtu aliyeendesha gari miaka mingi anashindwa kumfundisha mkewe. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, lakini sikuona inanipeleka kwenye ajira gani.

Rasilimali watu ndiyo iliyonishika. Ni darasa kubwa, wahitimu wake wanachukuliwa na makampuni, na kuna somo zima la mafunzo ya wafanyakazi: jinsi ya kupanga mafunzo, kuyaendesha, kuyapima. Kila kitu kina mpangilio. Shangazi, nimeanza kuota ofisi. Nadhani ni hii. Unasemaje?

Halafu nijisifu kidogo, maana nisipojisifu kwako nitapasuka. Wiki ijayo hoteli ina mkutano mkubwa, vyumba vyote vimejaa, na mkuu wa dobi ameamua wanafunzi wangu watatu wakunje wenyewe bila msimamizi. Wenyewe kabisa. Nimewaandalia somo la mwisho. Nitasimama mbele yao, meza katikati, nieleze hatua moja moja kama mhadhiri. Nimeshafanya mazoezi mbele ya mwenzangu wa chumbani. Alipiga makofi, ingawa alikuwa anataka nizime taa.

Mwana wa kaka yako


Jumatatu, 15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Najua hujanijibu bado, na hii si zamu yangu. Sitaulizia afya, chukulia nimeuliza.

Nimeharibu mkutano mzima.

Mashuka ya pale hotelini yana alama ya uzi kwenye pembe moja. Uzi wa bluu ni kitanda kikubwa, wa kijani kitanda kidogo. Yanakunjwa ili alama itokeze upande wa mbele, mhudumu wa vyumba akinyoosha mkono kwenye rafu anajua anachukua lipi. Jumamosi wale watatu walikunja siku nzima, kasi nzuri, mikunjo imenyooka. Rafu zikajaa. Jumapili wahudumu wakaja kuchukua, na hakuna alama hata moja iliyoonekana. Zote zilikuwa zimetazama ukutani. Wakachukua kwa kubahatisha. Mashuka makubwa yakaburuzika sakafuni kwenye vitanda vidogo, madogo yakashindwa kufika pembeni mwa vile vikubwa, wageni mlangoni na masanduku, wahudumu wanapanda na kushuka ngazi wamekumbatia mashuka. Kwenye korido mmoja wao aliniambia kuwa shule yangu atailipia mwenyewe alimradi nihame mji.

Nilikwenda kwa wale watatu nikiwa na hasira. Nilikuwa nimewaambia kulia. Nilisema kulia, kulia, kulia, hata usingizini ningesema kulia. Yule aliyekuwa mlinzi akanitazama kwa upole. Akasema, "Dada, mdomo wako ulisema kulia, lakini mkono wako ulikwenda upande wangu wa kushoto. Mimi nikauamini mkono."

Shangazi, nilikuwa nimesimama mbele yao. Meza katikati. Walinifuata kama mtu anavyofuata kioo.

Mkuu wa dobi akaja, akafungua mashuka kadhaa, akayakunjua, akayakunja tena. Nilingoja kufukuzwa. Akasema, "Wote wamekosea sawasawa. Basi umewafundisha vizuri mno." Akatuacha tukunje upya rafu nzima, na akaondoka anatikisika mabega, na sidhani alikuwa analia.

Wote wamekosea sawasawa. Unaona maana yake? Angekosea mmoja, ningesema hakuwa makini. Lakini watatu kufanya kosa lilelile, kwa usafi uleule, ina maana kosa lilitoka kwangu likawafikia salama salimini, halikupungua hata chembe njiani. Nilichokisema hakikufika. Kilichofika ni mahali niliposimama. Nimelala chini ya blanketi nikiwaza hilo tu, na badala ya aibu napata kitu kama njaa. Kwa nini jicho linashinda sikio? Ingekuwaje ningesimama pembeni yao? Tulipokunja upya nilisimama pembeni, bega kwa bega, sikusema neno, na wakashika mara moja. Kwa nini?

Mshauri aliniuliza kitu gani kinanikera nisipokielewa. Ni hiki. Namna kazi inavyohama kutoka kwenye mwili wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ile rasilimali watu ingenifundisha kupanga siku ya mafunzo, chumba, ratiba, cheti. Ningekuwa yule wa viatu vya ncha, Shangazi, tena ningekuwa hodari. Leo nimerudi kwa wale watu wazima na muuguzi wao, nikawasimulia habari ya mashuka. Walicheka, halafu wakaanza kubishana, na mwalimu wao hakuwazuia. Nilitamani kipindi kisiishe.

Ni elimu ya watu wazima. Sasa nasema kwa sauti ya chini, lakini nasema.

Niambie unalowaza.

Mwana wa kaka yako


Jumapili, 5 Mei

Bi Maswali,

Marahaba. Sisi wazima. Mbavu zinaniuma kwa ajili yako. Nilisomea barua yako kibandani, na mtoa ishara akapiga redio kuuliza kama nimepatwa na kifafa maana alikiona kibanda kinatingishika. Nikamwambia ni mashuka. Tangu hapo ananitazama vibaya.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nina mgeni. Mradi umeniletea msichana nimfundishe kreni. Nilikataa, nikawaambia mimi ni mwendeshaji, kufundisha simo. Wakasema au nimfundishe au wamtafute yule wa viatu vya ncha. Nikakubali.

Tunamwita Kimya. Haongei, anatazama tu. Anasimama nyuma ya kiti changu tangu tunapanda hadi tunashuka, na mimi ninaendesha, na ninamweleza. Nami sijui ninachomweleza. Mzigo unataka kuyumba, kabla haujayumba mkono wangu umeshasogea. Ananiuliza, "Umejuaje?" Nasema nimejua. Ananiuliza nimeona nini. Nasema nimeona. Juzi nilimweka kwenye kiti akashika leva na ndoano tupu, haina hata mzigo, na kabla hajafanya lolote nilikuwa nimeshampokonya. Mara ya pili nikampokonya tena. Mara ya tatu aliondoka mwenyewe kwenye kiti, kwa heshima, akaniambia "karibu". Nilijisikia vibaya siku nzima.

Basi wewe mwenye mashuka, niambie nifanye nini. Sikutanii.

Kuhusu fani yako bado nawaza. Nisikimbizwe.

Shangazi yako


Jumapili, 12 Mei

Shangazi mpenzi wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimewasomea mwenzangu wa chumbani, yule muuguzi, na mama wa ofisi finyu. Unaniuliza mimi? Nilisimama na kukaa nikisoma.

Nimewaza hivi, wewe utapima maana sijawahi kuwa juu kuliko ghorofa ya tatu. Akisimama nyuma yako anachokiona ni mgongo. Mweke kwenye kiti na ndoano tupu mchana ambao hakuna kazi, wewe simama ubavuni. Usimweleze. Mwambie yeye ndiye aseme kwa sauti anachokiona, kamba iko wapi, upepo unatoka wapi, anataka kufanya nini, kisha ndipo afanye. Akisema kitu ambacho kingekufanya umpokonye, utakuwa umekisikia kabla mkono wake haujakifanya, na unaweza kumuuliza swali badala ya kumnyang'anya. Yeye akisema, na wewe utagundua unachokijua. Nadhani. Muuguzi anasema ndivyo wao walivyojifunza kudunga sindano, na mwanzoni mwalimu wake alitokwa jasho kuliko mgonjwa.

Kinachobaki kigumu ni mikono yako. Hilo sina dawa yake.

Sasa nakuomba. Ijumaa ya tarehe 31 saa ya kufunga ofisi ndiyo mwisho. Mshauri ameniambia nikiacha fomu wazi nitapangiwa uhandisi kwa sababu ya alama, na kuhama baadaye ni vita. Baba nilimpigia, akasema sawa. Nilimuuliza sawa ipi, akasema, muulize Shangazi yako. Kwa hiyo umebaki wewe. Sema ndiyo au sema hapana, hata kwa mstari mmoja, hata kwa kumtuma mtu. Ukisema hapana nitabishana, ujue, lakini angalau nitakuwa nabishana na mtu.

Mwana wa kaka yako


Jumanne, 28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mko salama? Nimempigia Baba kuulizia afya yako, anasema unakula, unacheka, unapanda kreni kila asubuhi. Na barua umeipata.

Basi kwa nini?

Nimekasirika na sitaki kukuficha. Bado siku tatu.

Mwana wa kaka yako


Jumamosi, 1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesaini.

Jana nilikaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya masomo tangu walipofungua. Wenzangu wanaingia wanatoka, kila mmoja na simu sikioni, na wazazi ndani ya simu. Mimi niliizima ya kwangu mchana, kwa sababu niligundua nilikuwa naitazama kuliko ninavyowaza. Ilipozimwa nilisikia kichwa changu. Nilijiuliza ungesema hapana ningefanya nini, nikaona ningesaini elimu ya watu wazima huku nalia. Ungesema ndiyo? Ningesaini hiyohiyo huku nacheka. Mkono ungekwenda palepale. Nikaingia.

Karani aliniuliza kama nina hakika, maana alama zangu ni za uhandisi. Nikasema ninazihitaji hizo alama kule ninakokwenda. Akagonga muhuri.

Nilitoka nikatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, sikujua niende wapi na furaha yote ile. Nilivuka barabara mara mbili bila sababu. Nimeogopa, Shangazi, ila ni woga mtamu. Muhula ujao tunaanza kwa kwenda mahali pa kazi tusipopajua na kujifunza kitu cha mwanzo kabisa, tukiwa wajinga kabisa, ili tukumbuke inavyokuwa. Siwezi kungoja.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nataka kuona mwandiko wako.

Mwana wa kaka yako, mwanafunzi wa elimu ya watu wazima


Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba nyingi. Sisi wazima. Baba yako kasema sawa, na safari hii aliinuka kitini ndipo akasema.

Barua yako ya kuniomba neno ilinifikia mapema, ikakaa kwenye mfuko wa ovaroli yangu hadi mikunjo ikaanza kukatika. Nilikuwa na jibu siku hiyohiyo. Nilikuwa na kalamu. Sasa nikueleze kwa nini sikuandika.

Nilifanya ulivyosema na Kimya. Nilimkalisha, nikasimama ubavuni, nikamwambia aseme. Kumbe ana maneno, tena mengi. Tulifanya hivyo na ndoano tupu mpaka ikachosha, na wiki ile ya Ijumaa yako mradi ukakubali ashushe mzigo wake wa kwanza, bando la mabomba mepesi, chini pamezungushiwa uzio, watu wote pembeni. Akasema anachokiona. Akaanza. Mzigo ukataka kuyumba, nikauona, na mkono wangu ukainuka wenyewe, mwanangu, kama mbwa aliyeitwa jina. Nikauweka chini ya paja. Na wa pili nikauweka. Nilikuwa nimejikunja kwenye kile kiboksi cha vifaa, nimeikalia mikono yangu yote miwili, nasali kila sala ninayoijua. Alikuwa anaona. Alichelewa kuliko ambavyo ningechelewa mimi, akasahihisha kwa leva kidogo, kisha kidogo tena, bando likatulia, likashuka, likakaa. Alipogeuka kunitazama sikuweza hata kumpa mkono, yote miwili ilikuwa imekufa ganzi.

Nikashuka siku hiyo nikaigusa barua yako mfukoni. Ningekujibu ndiyo, kila somo likikushinda ungesema Shangazi alinikubalia. Ningesema hapana, ungesema Shangazi alinizuia. Ungesaini kwa mkono wangu, na mkono wangu umezoea kupokonya. Ulipoandika umekasirika ilinichoma, niliitoa kalamu. Nikaikalia.

Umeshusha mwenyewe. Nilikuwa natazama kutoka huku.

Sasa ndiyo nakwambia: ndiyo. Ilikuwa ndiyo toka siku ya mashuka.

Likizo ukija uvae viatu vya kupandia ngazi. Umesema mnatakiwa mwende mahali msipopajua, mjifunze kitu mkiwa wajinga kabisa. Nimeongea na mradi. Utakaa kwenye kiti na ndoano tupu, useme unachokiona. Atakayesimama ubavuni mwako ni Kimya.

Shangazi yako